Rafiki akichukuliwa, rafiki akiuawa: kazi ya anayebaki

Vita au utawala wa mabavu ukimchukua mtu, kila ofisi inamtafuta ndugu. Mochwari wanauliza, "Wewe ni nani wake?" Getini mahabusu swali ni hilo hilo, na kwa karani wa mahakama vilevile. Rafiki hana cheti cha kuonyesha. Hata hivyo rafiki ndiye anayejua mwenzake alivaa viatu gani asubuhi ile, alikuwa akielekea wapi, nani alimpigia simu mara ya mwisho, na jino gani lilivunjika uwanjani. Familia aghalabu ina picha ya harusi au ya mahafali. Picha ya wiki iliyopita, ile inayoonyesha ndevu alizoachia na kovu jipya, iko kwenye simu ya rafiki.

Naandika kwa ajili ya huyo rafiki. Anayepoteza wenzake mmoja baada ya mwingine huambiwa mambo mawili tu: vumilia, na usijiingize. Kuvumilia hakuepukiki, lakini zipo pia kazi za mikono, na baadhi yake zina saa chache tu kabla nafasi haijapita.

Saa za mwanzo

Mtu akikamatwa, chukulia kwamba simu yake imeshafunguliwa. Usisubiri uthibitisho. Kidole hubanwa kwenye skrini kwa nguvu, na nywila hutolewa kwa kipigo, wala hakuna sababu ya kumlaumu aliyeitoa. Kikundi cha mawasiliano alichokuwemo kifungwe na kifunguliwe kingine. Kumtoa yeye peke yake hakusaidii sana, maana mazungumzo ya zamani yamebaki kwenye simu yake. Nywila za akaunti mlizotumia pamoja zibadilishwe. Kama kuna anayeaminiwa mwenye nywila za akaunti yake, aingie na kukiondoa kifaa kilichokamatwa kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Waliokuwa wakilala naye nyumba moja wahame usiku huo huo. Na usimpigie simu mara kumi mfululizo kwa wasiwasi: namba yako ndiyo itakayokaa juu ya orodha, kwenye skrini ambayo sasa inashikwa na mtu mwingine.

Baada ya hapo, kalamu. Kila aliyeshuhudia aandike peke yake kabla hamjakaa kuzungumza. Sababu yake ni hii: watu wakisimuliana kwanza, kumbukumbu zao zinaingiliana, na asubuhi yake watano wanakumbuka gari jeupe ambalo mmoja tu ndiye aliyeliona. Andika saa, mahali, aina na rangi ya gari, namba yake hata kama ni tarakimu mbili tu ulizowahi, sare au nguo za waliomchukua, lugha waliyosema, silaha, jina waliloitana. Kisha mavazi yake mwenyewe, kuanzia kofia hadi soksi, saa ya mkononi, mkanda, pete, miwani. Utaona ni udhia kuandika rangi ya soksi. Siku moja soksi hiyo inaweza kuwa ndiyo alama pekee iliyobaki. Na kila sentensi iwe wazi: nimeona, nimesikia kwa fulani, nadhani. Ukizichanganya hizo tatu, wakili wa upande wa pili atakamata moja ya uongo na kuzitupa zote.

Kikosi kilichohusika kitajwe kwa usahihi uwezavyo. Uganda, mwaka 1974, Idi Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu achukue madaraka mwaka 1971. Tume hiyo, iliyoundwa na mtawala huyo huyo, ilikusanya kesi 308 na ikavitaja vyombo vya usalama vilivyohusika. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwepo watu wa kawaida waliokuja kusema ni gari gani lilisimama na nani walishuka.

Je, mtangaze? Hapa watu hugombana hadi kuvunja urafiki. Ninavyoona mimi, kelele za mapema mara nyingi humlinda mtu, kwa kuwa mateso mabaya zaidi hutokea siku za kwanza, wakati walinzi wanaamini hakuna anayejua. Lakini kabla ya kutangaza, hakikisha familia imepata habari kutoka kwa mtu na si kwenye mtandao, na walio hatarini wameshahama. Uamuzi wenyewe ni wa familia na wakili. Bora zaidi ni kila mmoja kuusema mapema: "Nikichukuliwa, semeni," au "Nikichukuliwa, subirini kwanza." Iandikeni, ikae kwa mtu mmoja mnayemwamini wote.

Milango ya kubisha hata kama haifunguki

Mahakamani kuna ombi la kuitaka serikali imlete mtu aliyezuiliwa mbele ya jaji. Chini ya utawala wa mabavu ombi hilo hukataliwa karibu kila mara, na ndipo watu huuliza lina maana gani. Chile inajibu. Baada ya mapinduzi ya Septemba 11, 1973, mawakili waliofanya kazi chini ya kanisa mjini Santiago, kwenye ofisi iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad kuanzia 1976, walipeleka mahakamani maelfu ya maombi ya namna hiyo. Mahakama zilikataa karibu yote. Lakini kila ombi lilikuwa na jina, tarehe, mahali, mashahidi na muhuri wa kupokelewa. Utawala ulipoondoka mwaka 1990 na tume ya ukweli ikaundwa, majalada hayo yalikuwa yakisubiri. Kwa hiyo peleka ombi, dai muhuri, chukua nakala. Ukinyimwa muhuri, andika tarehe, saa, dirisha namba ngapi, na karani alisemaje.

Umoja wa Mataifa una kikundi kazi cha watu waliopotezwa kwa nguvu, kilichoanzishwa mwaka 1980, ambacho hupokea kesi kutoka nchi yoyote. Kina njia ya haraka kwa matukio yasiyozidi miezi 3. Kinahitaji jina kamili, tarehe, mahali alipochukuliwa au alipoonekana mwisho, wanaodhaniwa kumchukua, na hatua zilizochukuliwa kumtafuta. Asiye ndugu anaweza kuwasilisha, ila awe na ridhaa ya familia. Njia ya pili ni kamati ya mkataba wa kimataifa wa kulinda watu dhidi ya kupotezwa, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kufanya kazi Desemba 2010. Hii inazihusu nchi zilizoridhia tu. Lakini ibara yake ya 30 ina maneno ambayo kila rafiki anapaswa kuyajua: ombi la dharura la kumtafuta mtu linaweza kuletwa na jamaa, wakili wao, waliyemwidhinisha, au mtu mwingine yeyote mwenye maslahi halali. Hapo ndipo rafiki anapoingia bila cheti.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina kazi yake tofauti. Huwatembelea wafungwa pale inaporuhusiwa, huandika majina yao, huzungumza nao faraghani, na hurudi tena kuhakikisha bado wapo. Hupeleka pia ujumbe wa Msalaba Mwekundu, barua fupi isiyofungwa, yenye habari za kifamilia tu, ambayo mamlaka huisoma. Andika "mama anaendelea vizuri, mtoto ameanza shule." Usiandike mahali, majina ya wenzake, wala neno lolote la siasa, kwani barua nzima itazuiliwa. Usitegemee waje mahakamani kusema walichokiona gerezani. Wanaruhusiwa kuingia kwa sababu hawasemi, na ni haki kuwaelewa kwa hilo.

Mgeni mwenye huruma

Familia na marafiki wa waliopotea hukutana, na wanapokutana huja mtu asiyejulikana, mwenye huzuni ileile. Argentina, mwaka 1977, akina mama walianza kukusanyika Plaza de Mayo, uwanja ulio mbele ya ikulu, wakiuliza watoto wao wako wapi. Akajiunga nao kijana aliyesema anamtafuta ndugu yake. Jina alilowapa halikuwa lake. Alikuwa Alfredo Astiz, ofisa wa jeshi la majini. Desemba mwaka huo watu 12 wa kundi hilo na waliokuwa wakiwasaidia walikamatwa, wakiwemo waanzilishi watatu: Azucena Villaflor, Esther Ballestrino na María Ponce. Astiz alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011.

Kinga si kumfukuza kila mgeni. Wengi wanaokuja wamefiwa kweli na hawana pengine pa kwenda. Kinga ni kwamba kila mtu ajue kile tu anachohitaji kujua. Mgeni akaribishwe kwenye kikao cha kufarijiana, lakini orodha ya mashahidi, mahali pa kulala na tarehe ya safari visipite mbele yake. Muulize kwa upole kuhusu anayemtafuta: alisoma wapi, nani mwingine alimfahamu. Mwenye msiba wa kweli atataka kueleza zaidi ya ulivyouliza.

Ndugu wa tatizo hilo ni wauza habari. Mtu anapiga simu na kusema rafiki yako yu hai, yuko gereza fulani, toa fedha ataachiwa. Syria, familia nyingi ziliuza nyumba na dhahabu kwa madalali wa aina hii, na wengi wao hawakuwa na lolote. Kabla ya kutoa chochote, omba jibu la swali ambalo majibu yake hayako mtandaoni wala kwenye simu yake: alimwita nani kwa jina gani la utani, mlikwaruzana kuhusu nini. Jibu lisipokuja, au likaja "hawezi kuzungumza sasa ila ni haraka," acha. Familia itakasirika. Rafiki aliye na utulivu kidogo kuliko mama mzazi ndiye wa kuubeba mzigo huo.

Mwili

Sehemu hii ni ngumu kusoma. Ila ndiyo ambayo ikikosewa hairekebishiki.

Usikimbilie mwili. Mahali palipopigwa mara moja hupigwa tena waokoaji wanapofika, na miili huachwa makusudi ikiwa imetegwa mabomu chini yake. Tazama kwa mbali: waya, udongo uliofukuliwa, mwili uliopangwa vizuri kupita kiasi. Kama wapo wategua mabomu, wasubiri. Kifo cha pili hakimrudishi wa kwanza.

Hofu nyingine ni maradhi, na hofu hii imeleta uharibifu mkubwa. Miili ya waliouawa kwa risasi au mabomu haileti mlipuko wa magonjwa, maana walikufa kwa majeraha, si kwa ugonjwa. Hakuna sababu ya kuichoma wala kuisukuma shimoni kwa greda. Tahadhari za kweli ni kuvaa glavu, kunawa mikono, na kuzika mbali na maji. Mahali penye kipindupindu au Ebola hali ni tofauti, na hapo wahudumu wa afya waongoze.

Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wakishirikiana na wengine, walitoa mwaka 2006 mwongozo kwa watu wasio wataalamu wanaojikuta na kazi hii, ukarekebishwa 2016. Mengi ya hapa chini yanafuata humo. Jambo la kwanza ni muda: kwenye joto, kati ya saa 12 na 48 baada ya kifo uso unakuwa hautambuliki tena. Kwa hiyo picha zipigwe mapema, hata kabla ya kuamua pa kuzika.

Kila mwili upewe namba yake, isiyorudiwa: jina la mahali, kisha tarakimu, mfano SHULE-001. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi inayoonekana ndani ya kila picha, na kwenye kibandiko kisichoharibika kwa maji kinachofungwa mwilini. Futa uso kwa kitambaa chenye maji, taratibu, damu na vumbi vitoke. Piga mwili mzima kutoka mbele, uso, nusu ya juu, nusu ya chini, kisha kila alama: kovu, chale, meno, nguo, viatu. Simama ubavuni, usawa wa katikati ya mwili. Ukisimama kichwani au miguuni, picha inapotosha urefu na sura. Picha yenye giza au isiyotulia ni sawa na kukosa picha, kwa hiyo kagua kabla hujaondoka. Vitu vya mfukoni viandikwe na vibaki na mwili, vikiwa na namba ileile. Simu na kitambulisho huwa na kishawishi cha kupelekewa familia kama kumbukumbu, lakini mwili ukitenganishwa navyo umepoteza jina.

Na hata ukiwa na hakika kwamba ni yeye, andika kwanini una hakika. Watu waliofiwa hutambua vibaya, si kwa uzembe bali kwa sababu uso uliovimba hufanana na wengi, na moyo unataka jibu. Kosa moja huzalisha mawili: familia moja inazika mgeni, nyingine inaendelea kutafuta mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kaburi la muda lichimbwe walau mita 1.5. Pasipungue mita 200 kutoka mto, ziwa au chemchemi. Kama ni lazima wengi wazikwe pamoja, walazwe sambamba, safu moja, nafasi ya sentimita 40 kati yao, kamwe wasipangwe juu kwa juu. Alama ya mbao haitoshi: vita ikirefuka, mbao zinakuwa kuni. Weka pia karatasi ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, kando ya mwili, iliyoandikwa kwa penseli kwani wino huchuja. Mahali pa kaburi papimwe kutoka vitu vitatu visivyohama, na si kutoka kona ya nyumba peke yake, kwa kuwa nyumba ndiyo ya kwanza kuanguka. Jiwe kubwa, kona ya daraja, kisima. Kama simu inatoa namba za ramani, ziandike kwenye karatasi, zisibaki kwenye simu.

Maziko yenyewe hulengwa. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, uliozingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, watu walizika jioni sana au usiku, kwa kuwa waombolezaji mchana walipigwa mizinga na wadunguaji. Watu wachache, maneno mafupi, hakuna taa. Sala ndefu itaswaliwa au itasomwa baadaye mahali pengine.

Kisha kuna wale ambao wauaji wenyewe waliwazika. Baada ya mauaji ya Srebrenica, huko huko Bosnia, ya Julai 1995, ambamo zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 waliuawa, makaburi ya halaiki yalifukuliwa kwa mitambo na miili ikahamishiwa mashimo mengine ili kuficha ushahidi. Mifupa ya mtu mmoja ikaonekana kwenye makaburi tofauti. Nguo na macho hayakufaa kitu hapo. Ilibidi vinasaba, na kuanzia 2001 tume ya kimataifa ya watu waliopotea, iliyoundwa 1996, ikawa inalinganisha mifupa na damu za ndugu walio hai, popote walipokimbilia.

Damu ya rafiki haisaidii kipimo hicho. Wanaohitajika ni wazazi, watoto, ndugu wa baba na mama mmoja, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo jibu linavyokuwa la hakika. Lakini rafiki anaweza kufanya mawili. La kwanza ni kujua ndugu hao wako wapi, hasa waliohama nchi. La pili ni kulinda vitu: mswaki, kitana chenye nywele, wembe, kofia isiyofuliwa. Vikaushwe kivulini, viwekwe kila kimoja kwenye bahasha ya karatasi, pakavu, mbali na jua. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu unaobaki ndani huotesha ukungu, na ukungu huharibu vinasaba. Ongeza picha ambayo anacheka na meno yanaonekana, na jina la daktari wa meno kama alikuwa naye. Alivunjika mkono akiwa na miaka kumi? Upande gani? Andika.

Kuandika bila kuwaua walio hai

Orodha ya waliouawa ni ushahidi. Mikononi mwa polisi wa siri, orodha hiyo hiyo ni ya wanaofuata, kwa kuwa ndani yake kuna mashahidi, familia na waandishi. Kwa hiyo usiweke kamwe majina ya waliopotea na majina ya mashahidi mahali pamoja. Shahidi awe na herufi au namba, na ufunguo wa namba hizo ukae kwa mtu mwingine, ikiwezekana nje ya nchi.

Kwenye geto la Warsaw, Poland, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri shajara, barua, matangazo, hata kadi za chakula, wakizika ardhini. Sehemu ya kwanza ilizikwa Agosti 1942 kwenye masanduku ya bati, ya pili Februari 1943 kwenye makopo mawili ya maziwa. Masanduku yalipofukuliwa Septemba 1946 maji yalikuwa yameingia na karatasi nyingi ziliharibika. Makopo, yaliyopatikana Desemba 1950, yalihifadhi vizuri zaidi. Sehemu nyingine haijapatikana hadi leo. Kati ya watu takriban 60 waliofanya kazi hiyo walipona wachache mno, na mmoja wao, Hersh Wasser, ndiye aliyejua pa kuchimba. Angekufa naye, tusingekuwa na kitu.

Mafunzo yake ni ya kiufundi kabisa. Chombo kiwe kigumu chenye mfuniko unaobana kwa mpira, karatasi zikaushwe kabla, zifungwe kwa plastiki mara mbili pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Nakala zisizikwe zote sehemu moja. Na mahali pajulikane na watu wasiopungua watatu wasioishi pamoja.

Pale ambapo karatasi yenyewe ni kifungo, kichwa ndicho kabati. Leningrad, Urusi, miaka ya ugaidi wa mtawala Stalin, mshairi Anna Akhmatova aliandika mistari kwenye kipande cha karatasi bila kusema neno, kwani kuta zilikuwa na masikio. Rafiki yake Lydia Chukovskaya akaisoma hadi akaikariri, kisha karatasi ikachomwa hapo hapo. Njia hiyo inafaa hata kwa majina. Gawaneni: kila mtu ashike majina kumi na tarehe zake, na kila jina lishikwe na watu wawili. Rudieni mara moja kwa wiki, vinginevyo tarehe huteleza kwanza, kisha majina ya pili.

Kwa picha na video, tunza faili la asili jinsi lilivyotoka kwenye kamera. Ndani yake mna tarehe, saa na pengine mahali. Ukituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, taarifa hizo hufutika na ubora hupungua. Ukituma kama waraka, faili hubaki lilivyo. Usikate, usiongeze maandishi wala muziki juu ya nakala ya asili. Na usifanye mtandao kuwa ghala lako. Mwaka 2017 video nyingi za vita vya Syria ziliondolewa YouTube na mfumo wa kuchuja maudhui ya kikatili, na baadhi ya waliozipiga hawakuwa na nakala nyingine, au hawakuwa hai tena.

Kuhesabu kwa majina kunazima ugomvi pia. Baada ya vita vya Bosnia kila upande ulitaja idadi yake ya wafu, hadi kituo cha utafiti mjini Sarajevo, kikiongozwa na Mirsad Tokača, kilipowaorodhesha mmoja mmoja, zaidi ya watu 95,000. Ni vigumu kumzidisha au kumpunguza mtu mwenye jina.

Huzuni ambayo haina siku ya arobaini

Mtaalamu wa saikolojia Pauline Boss, aliyeanza miaka ya 1970 kwa kuzungumza na wake wa marubani wa Marekani waliopotea Vietnam, alieleza aina ya msiba ambao hauna mwisho kwa sababu hauna hakika. Mtu hayupo, lakini hajafa. Ukimlilia unajiona umemsaliti. Ukimsubiri, maisha yanasimama. Kosa linalofanywa na wenye nia njema ni kuwalazimisha waliobaki kuchagua: "kubali amekufa," au "usikate tamaa." Mwache mtu ashike yote mawili, leo hivi na kesho vile. Sheria yenyewe inaweza kufanya hivyo: Argentina mwaka 1994 ilipitisha sheria inayomtambua mtu kuwa hayupo kwa kupotezwa kwa nguvu, familia ikaweza kushughulikia mali na ndoa bila kutia saini kwamba amekufa.

Rafiki ana ugumu wake wa ziada. Hakuna anayekuja kumpa pole. Kazini haruhusiwi siku hata moja. Na akifiwa na watano ndani ya mwaka, msiba wa tano haumlizi, halafu anajiona amekuwa jiwe. Ganzi hiyo ni mwili unaojikinga, na kwa wengi hulegea hali ikitulia. Swali la "kwa nini yeye na si mimi" nalo huja kwa karibu kila aliyepona. Kumjibu kwa hoja hakusaidii kama kumpa kazi inayomhusu marehemu: kumtembelea mama yake kila Ijumaa, kuandika faili lake, kulipia daftari za mtoto.

Usimkalishe mtu siku mbili baada ya tukio na kumtaka asimulie kila kitu ili "atoe moyoni." Shirika la Afya Duniani linashauri dhidi ya vikao vya namna hiyo. Kwanza usalama, usingizi, maji, chakula, mtu wa kukaa naye. Atasimulia akitaka. Cha kuangalia ni dalili zinazozidi: halali kabisa, anakunywa pombe au kumeza dawa ili azime, ameacha kuwatunza watoto, anazungumzia kumfuata aliyekufa. Hilo la mwisho muulize wazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakupandikizi wazo. Ondoa silaha na dawa karibu, usimwache peke yake, tafuta mhudumu wa afya. Huzuni kali inayomzuia mtu kuishi na kudumu zaidi ya miezi 6 sasa inatambuliwa kama ugonjwa unaotibika.

Tawala nyingi hukataza hata kulia. Wakati wa Ugaidi Mwekundu Ethiopia, kampeni ya mauaji ya utawala wa kijeshi, 1977 na 1978, familia zilizuiwa kuomboleza hadharani, na nyingine zilitozwa gharama ya risasi kabla ya kupewa mwili. Mkiwa katika hali hiyo, msikutane tarehe ileile ya kifo wala kaburini, maana hapo ndipo wanapowasubiri. Chagueni siku nyingine, nyumba yenye sababu ya kuwa na wageni, watu wanne wanne. Chile, wanawake walishona vipande vya nguo, mara nyingine nguo za waliopotea, kuwa picha za maisha yao chini ya utawala ule, na picha hizo zikapenyezwa nje ya nchi. Mikono ilikuwa na kazi, na wakati wa kushona waliweza kuzungumza.

Faili baada ya miaka

Miili ya Azucena Villaflor na wenzake ilitupwa baharini, ikaletwa na maji ufukweni na kuzikwa bila majina Desemba 1977. Timu ya wanaanthropolojia ya Argentina iliitambua mwaka 2005. Ndani ya miaka 27 namba za simu hubadilika, watu huhama, wazazi hufa. Kwa hiyo faili la rafiki yako liwe na ukurasa wa kwanza wenye mawasiliano ya watu watatu, angalau mmoja kijana, na ukurasa huo ukaguliwe kila mwaka. Kila ulipofungua kesi, iwe Umoja wa Mataifa, Msalaba Mwekundu au mahakamani, peleka anwani mpya pamoja na namba ya kesi. Wazazi wake wakiwa wazee, usisubiri kaburi lipatikane ndipo wapimwe vinasaba. Kama huduma ipo, wapimwe sasa, na risiti ya kipimo iingie humo humo kwenye faili.